Kobe Mgonjwa na Kipimo cha Huruma



Msimu wa vuli uliopita, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, mpwa wetu alirudi kutoka shambani upande wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, amefumbata kitu mikononi. Alikuwa mtoto wa kobe, hazidi kibiriti kwa ukubwa. Macho ameyafumba, puani mapovu, kinywa wazi akitafuta pumzi. "Mjomba," akasema, "huyu anaumwa. Tumfanyeje?"

Twakiri kwamba mwanzoni tulimhudumia vibaya. Tulimtia katika boksi, tukaliweka kwenye pembe ya chumba yenye baridi, tukampa maziwa na ugali, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kulisha watoto. Kesho yake alikuwa dhaifu zaidi. Daktari wa mifugo akatueleza kwa upole kwamba tumbo la kobe haliwezi kuyasaga maziwa. Tena mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe, bali hulipata kwa jua na mahali alipo. Akikaa kwenye baridi hana nguvu hata ya kupigana na ugonjwa. Pamoja na dawa, akatufundisha kumweka mahali pakavu penye joto, kumwogesha kila siku katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, kumwotesha jua la asubuhi karibu na kivuli, na kumpa majani mabichi na konokono wadogo.

Akatuambia pia kwamba kobe wa aina hii akikomaa huwa na bawaba nyuma ya gamba lake la juu, naye huifunga kama mlango adui akija. Lakini hazaliwi nayo, huja baadaye. Basi yule mdogo alikuwa nyumba isiyo na mlango.

Hapo tulipata somo la kwanza. Nia njema haitoshi. Anayependa bila kuuliza aweza kumwua ampendaye, na kumbe alikuwa akijiridhisha mwenyewe tu.

Siku ya nne jirani yetu alitukuta na karai la maji. Akacheka, kisha akasema kwa uchungu, "Watu wanakosa dawa, ninyi mnamwogesha kobe!" Tulitaka kumjibu kwa habari za Nabii Yona, jinsi Mungu alipouhurumia mji wa Ninawi pamoja na wanyama wake. Jibu hilo ni la kweli. Lakini neno la jirani lilituchoma, kwa sababu wiki ile nzima hatukwenda kumjulia hali mama mzee wa mtaani kwetu aliyelala kitandani tangu Julai.

Je, kobe ndiye aliyetuzuia? Hapana. Kumwogesha kulichukua dakika chache, na gharama haikuwa kubwa. Tulipojichunguza tuliona sababu yenyewe. Kobe halalamiki. Haulizi mbona jana hamkuja. Hatukumbushi kwamba nasi tutazeeka. Yule mama hufanya yote hayo. Tulikuwa tumechagua huruma iliyo rahisi, tukajiona wema. Basi kosa halikuwa kumhurumia mnyama. Kosa lilikuwa kuifanya huruma hiyo pazia la kuficha deni letu kwa mwanadamu. Jioni ile tulikwenda kwa mama. Mpwa wetu akamsimulia habari za kobe, na mama akataka kujua kila siku amekula nini.

Baada ya wiki kadhaa mapovu yalikoma, kobe akafumbua macho na kutembea. Ndipo likaja swali gumu kuliko yote. Kijana alitaka kumfuga. "Nimemponya, ni wangu," alisema. Je, kumwokoa mtu au mnyama kunatupa haki ya kummiliki?

Tulimweleza kwamba kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hafugwi bila kibali. Tukamsimulia pia habari za kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Mwaka 1919 waliletwa huko kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli. Walizaliana hata wakafika kama 200 mwaka 1955. Lakini wezi waliwachukua na kuwauza, hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ikabidi wajengewe uzio. Walioiba na walionunua, yaelekea wote walisema, "Ni mmoja tu."

Tulipeleka habari kwa maofisa wa wanyamapori, wakaagiza arudishwe alikookotwa. Kijana alimweka chini ya kichaka, akalia. Hatukumkataza. Machozi yale yalikuwa sehemu ya uuguzi, kwa maana anayemtunza mgonjwa humtunza ili siku moja aende zake.

Basi, ndugu, kabla ya kuchoma majani shambani, tupite kwanza tukitazama chini. Na tukiisha kumwokoa aliye kimya, twende pia kwa yule anayetulalamikia.