Mbuzi Aliyebaki Hai

Kocha akitimuliwa baada ya timu kufungwa mechi tatu mfululizo, watangazaji husema amefanywa mbuzi wa kafara. Ofisa mdogo akifukuzwa kwa wizi ulioanzia kwa wakubwa wake, magazeti hurudia maneno hayohayo. Masikioni mwa Mswahili, kafara ni kitu kinachochinjwa: damu imwagike, balaa lipite. Ajabu ni kwamba mbuzi mwenyewe, yule wa Mambo ya Walawi sura ya 16, hakuchinjwa.

Siku ya kumi ya mwezi wa saba, mbuzi wawili walisimamishwa mlangoni pa hema ya kukutania ya Waisraeli, kura ikapigwa. Mmoja alichinjwa kwa ajili ya Bwana, na damu yake ikapelekwa ndani ya pazia kunyunyizwa kwenye kiti cha rehema. Wa pili aliangukiwa na kura ya Azazeli. Kuhani mkuu alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake uovu, makosa na dhambi za Waisraeli wote, kisha mbuzi akapelekwa jangwani akiwa hai. Aliyebebeshwa dhambi ni huyu. Damu ya yule mwingine, sura yenyewe inaeleza, ilitakasa patakatifu, hema na madhabahu, kwa sababu uchafu wa watu ulikuwa umefika hadi humo. Jacob Milgrom, rabi na profesa wa Berkeley aliyekifafanua kitabu cha Walawi kwa juzuu tatu nene, alilisisitiza jambo hili kuliko wengi: damu ya sadaka ya dhambi ilifanya kazi ya sabuni, na kilichooshwa ni nyumba ya Mungu. Mishna, sheria simulizi ya Wayahudi iliyokusanywa karibu mwaka 200, husimulia kwamba zama za Hekalu mbuzi wa jangwani alisukumwa gengeni. Torati haisemi hivyo, wala damu yake haikuletwa madhabahuni.

Hapo ndipo swali linapouma: je, msamaha ni lazima udai damu?

Mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu husimama juu ya hoja moja: pasipo damu hakuna msamaha, hivyo ilibidi mmoja afe badala ya wote. Andiko linalotajwa ni Waebrania 9:22. Lakini aliyeandika waraka huo alikuwa mwangalifu. Alipoieleza Torati, aliweka neno "karibu": karibu vitu vyote, si vyote. Huenda alijua kwamba katika Walawi 5 maskini asiyeweza kupata hata hua wawili aliruhusiwa kuleta sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani, na akasamehewa. Unga hauna damu.

Ninawi nayo? Katika kitabu cha Yona mji mzima ulifunga, mfalme akaketi majivuni, hata wanyama wakavikwa magunia. Hakutajwa mnyama hata mmoja aliyechinjwa, na Mungu akaghairi. Wayahudi husoma kitabu hicho alasiri ya Yom Kippur, siku ileile ya wale mbuzi wawili. Na kuhusu mtu kufa kwa dhambi ya mwingine, Musa alijitoa afutwe katika kitabu cha Mungu badala ya watu wake baada ya kisa cha ndama wa dhahabu. Akajibiwa kwamba atakayefutwa ni yule aliyekosa. Ezekieli 18 inalishikilia jambo hilo sura nzima.

Mkristo ana jibu, na si dogo. Isaya 53 inamsimulia mtumishi anayebeba maovu ya wengi, na nafsi yake inaitwa sadaka ya hatia. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, alimwona mtumishi huyo kuwa taifa la Israeli, na kweli sura za nyuma humtaja mtumishi kwa jina hilo. Kanisa limemwona Yesu humo tangu enzi za Mitume. Usomaji huo ni ungamo la imani, na una heshima yake. Usiostahili heshima ni ule unaodai kwamba Torati yenyewe haikujua msamaha bila damu, kisha unamtazama Myahudi kama mtu aliyeachwa bila njia.

Hata Kanisa halikuifunga hoja. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliungama kwamba Kristo aliteswa kwa ajili ya wokovu wetu bila kueleza namna. Hesabu ya dhambi kama deni kwa heshima ya Mungu iliyovunjwa ilipangwa na Anselm wa Canterbury karibu mwaka 1098, na ina harufu ya mabwana na watwana wa zama zake.

Torati ina hesabu nyingine ya deni: Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu jirani arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, amkabidhi mwenyewe. Kondoo dume wa madhabahuni hutajwa baadaye. Luka anamsimulia Zakayo wa Yeriko, mtoza ushuru aliyesimama nyumbani kwake akaahidi nusu ya mali kwa maskini na malipo mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Yesu alitangaza kwamba wokovu umeingia nyumba ile siku hiyohiyo. Alikuwa bado njiani kwenda Yerusalemu.