Hofu Inayomkuta Mtu Amelala

Soma Zaburi 77:1–6 na Ayubu 7:13, 14. Usiku uliwatendea nini watu hawa?

Mtu amelala salama. Ghafla anaamka, moyo unadunda, jasho linamtoka, pumzi haitoshi, naye anaamini kwamba anakufa. Wala hakuwa akiota. Mara nyingi shambulio hili hufikia kilele ndani ya dakika 10, kisha hupungua. Asubuhi anajiuliza: Niliomba kabla ya kulala, je, imani yangu imepungua?

Tusimhukumu hivyo. Aliyelala hakuchagua kitu. Moyo wake ulikwenda mbio kabla akili haijaamka. Ayubu alitazamia kitanda kimfariji, akakuta vitisho. Waliokuwa na hakika kuhusu sababu ni rafiki zake, na hao ndio Mungu aliowakemea (Ayubu 42:7).

Uchaguzi huanza akiisha kuamka: kuketi, kuvuta pumzi polepole na kuitoa taratibu zaidi, kumwamsha mwenzi wake badala ya kuficha. Kisha aende kwa daktari, maana maradhi ya moyo au ya tezi la shingo huweza kufanana na hali hii. (Wapo wanaoona kwamba kwenda hospitali ni kumwacha Mungu. Je, hao hawavai miwani?) Eliya alipoomba afe, malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, swali lilikuja baadaye (1 Wafalme 19:4–9).

Mshiriki wa darasa lako akikueleza jambo hili Sabato hii, utamwambia nini kwanza?