Mtoto Akilia, Umpeleke Wapi?

Masomo: Mwanzo 21:14–20, Marko 10:13–16

Wale mnaonijua mnajua nimesimama kwa mlango wa kanisa hili miaka 11. Viti navijua, watu nawajua, na mtoto anayetaka kulia namjua hata kabla hajafungua mdomo. Leo sikuja kufundisha sana. Nimekuja kutubu mbele yenu, halafu tusome Neno pamoja.

Dada yangu anayeishi London alifanyiwa upasuaji, na hakuwa na mtu hata wa kumpikia uji. Baba watoto hangeweza kuacha kazi. Kwa hivyo nikasafiri mimi na kitinda mimba wetu, mwaka mmoja na miezi minane, bado ananyonya. Kuna aliyeniuliza, "Si ungemwachia mtu?" Mtoto wa kunyonya? Tuendelee.

Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 si lazima alipiwe kiti kwa ndege. Unampakata. Nauli yake ni ndogo, kama sehemu moja ya kumi ya yako, nami nikashukuru Mungu kwa pesa tulizookoa. Sikuhesabu kwamba kwa zaidi ya saa 8 nitakuwa na kilo 12 mapajani, amefungwa mkanda mdogo uliopitishwa kwa mkanda wangu. Vile vitanda vinavyotundikwa ukutani ni vya watoto wachanga. Huyu wangu alishavipita zamani.

Pale Jomo Kenyatta nilikuwa na barua ya baba yake yenye mhuri wa wakili, kuonyesha kwamba sijaiba mtoto. Nikafika kwa ukaguzi. Kigari kikunjwe kipite kwa mashine, mtoto abebwe, begi lifunguliwe, viatu vitoke. Mikono ni miwili! Nikasema, Bwana, leo ni leo.

Ndani, mama mwingine akaja kuketi karibu nami na mtoto wake mchanga. Mhudumu akamwambia ahame. Nilidhani ni ukorofi tu, mpaka akatueleza. Upande wetu wa safu ulikuwa na viti vitatu, lakini juu kuna barakoa nne za hewa. Ile ya nne imewekwa kwa ajili ya mtoto anayepakatwa. Ni moja, kwa hivyo watoto wawili hawawezi kukaa hapo. Wapendwa, niliangalia ile dari kwa muda. Walioitengeneza ndege walimkumbuka mtu ambaye hana kiti.

Kwa nafasi ya yule mama akaletwa nyanya mmoja Msomali, amejitanda shungi jeusi, tasbihi mkononi, anaenda kuona wajukuu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikavuta begi langu nikaliweka karibu na mguu wangu. Mliookoka mnanielewa. Au mnajifanya hamnielewi.

Ndege ikapanda. Masikio ya mtoto yakaziba. Wewe mtu mzima unameza mate au unapiga miayo, yanafunguka. Mtoto hajui. Ukimpa titi au maji anameza, inamsaidia, lakini wangu alikataa titi, akakataa maji, akakataa biskuti, akakataa na mimi mwenyewe. Akalia. Usingizi ukamjia, akaukataa pia. Nilikemea. Nilifunga kila roho ninayoijua kwa jina. Akalia zaidi.

Mwanamume wa mbele akageuka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaniuliza kwa adabu kabisa kama hakuna mahali naweza kumpeleka huyu mtoto.

Mahali wapi, ndugu yangu? Tuko futi 35,000 juu!

Hapo ndipo nilipojisikia. Hayo maneno ni yangu. Ni mimi huyasema hapa mlangoni, tena kwa tabasamu: "Mama, mpeleke huko nje kidogo." Miaka 11. Na sijawahi kujiuliza huko nje kuna nini.

Tusome Mwanzo 21. Hajiri ametolewa na mkate na kiriba cha maji. Maji yameisha. Anamweka mtoto chini ya kijiti, anaenda kukaa mbali, kadiri ya mshale unavyoweza kurushwa, kwa sababu hawezi kumtazama akifa. Akina mama, msimhukumu. Kuna kuchoka kunakokufanya umweke mtoto chini uende mbali kidogo. Mimi ile ndege ingekuwa na kijiti, ningemweka.

Sasa angalia hii. Mstari wa 16, anayepaza sauti kulia ni Hajiri. Mstari wa 17, sauti ambayo Mungu amesikia ni ya kijana. Sema amina! Ishmaeli maana yake ni Mungu husikia. Kilio ambacho wengine walikiona kelele kilifika mbinguni kama maombi. Na malaika hakumwambia mama amnyamazishe. Alimwambia amwinue, amshike mkono. Halafu Mungu akamfungua macho, akaona kisima.

Kisima changu kilikuwa kimekaa kiti cha pili.

"Mwanangu, nipe huyu," yule nyanya akasema. Kiswahili safi. Nikasema, "Asante, nyanya, nitaweza." Mnasikia kiburi? Machozi yananitoka na bado nasema nitaweza. Hakubishana. Akavua shali yake ya juu, akamchukua, akamfunga mgongoni kama anayefunga furushi, akaanza kutembea kwa ile njia ya katikati. Kwenda na kurudi, anaimba kitu polepole kwa lugha yake. Mwanamume wa mbele alilala kabla ya mtoto.

Nami nilikula. Chakula kilikuwa kimepoa, lakini nilikula kwa mikono yangu yote miwili.

Tulipoanza kushuka aliniamsha, kumbe nami nilikuwa nimelala. Akaniambia nimnyonyeshe sasa kabla masikio hayajamuuma tena. Nikamnyonyesha. Tukatua kimya.

Marko 10 inasema watu walileta watoto kwa Yesu, na wanafunzi wakawakemea. Hao wanafunzi walikuwa na kazi kama yangu. Walikuwa wanalinda utaratibu wa ibada, hawakuwa watu wabaya. Na Marko anasema Yesu alichukizwa, tena si na watoto. Alichukizwa na walinda mlango.

Kanisa, tuna chumba cha akina mama pale nyuma, na spika yake iliharibika kabla ya Pasaka. Tumenunua kinanda kipya tangu wakati huo. Nimeongea na pasta, fundi anakuja Jumanne. Lakini spika pekee haitoshi. Mama aliyekuja peke yake na mtoto hahitaji chumba, anahitaji mgongo wa mtu mwingine kwa dakika ishirini. Kuanzia Jumapili ijayo, mimi na wenzangu wa mlangoni hatutamtoa mtu. Tutabeba. Wazee, na ninyi mna migongo.

Kuna dada mmoja alikuja mwaka jana mwezi wa nane, msimu wa manyunyu. Msichana mdogo, leso ya kijani, mtoto mgongoni, alisema amepanda matatu mbili kufika hapa. Mtoto akalia pasta akiwa katikati ya ujumbe, nami nikamwonyesha mlango. Alisimama chini ya mabati pale kwa tangi la maji. Nilipotoka kuangalia, hakuwepo. Namba aliyoandika kwa kadi ya wageni haipatikani tena.

Kama unakaa upande ule wa reli na unamjua, tafadhali usimwambie arudi kanisani. Nionyeshe nyumba. Nitaenda mimi.