Mgonjwa na Lawama

Wahenga walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ni neno la busara kwa mtu aliyeonywa mara nyingi asisikie. Lakini methali ni kama dawa: humponya mmoja ikamdhuru mwingine, na aitumiaye bila ya kupima hukosea. Nataka, msomaji wangu, tuipime methali hiyo juu ya maradhi ambayo wenye nayo huchekwa mahali pa kuhurumiwa.

Madaktari wametambua dalili tano ambazo hupenda kuandamana: kiuno kilichopanuka kwa mafuta ya tumbo, shinikizo la damu lililopanda, sukari iliyozidi katika damu, mafuta ya damu yaliyozidi, na upungufu wa ile aina ya kolesteroli inayolinda moyo. Mtu akionekana na tatu katika hizo tano, husemwa kuwa ana sindromu ya metaboli. Jina ni gumu, lakini maana yake si ngumu: mwili umeanza kushindwa kukitumia na kukiweka akiba chakula kwa utaratibu wake. Dalili hizo zikikutana hufungua mlango wa kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi.

Mbele ya mgonjwa wa namna hii husimama mahakimu wawili. Wa kwanza husema, "Amejitakia mwenyewe." Wa pili husema, "Ndivyo alivyozaliwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hukumu ya kwanza humnyima mgonjwa huruma, na ya pili humnyima matumaini. Nadhani zote mbili zimetolewa kwa haraka, na hukumu ya haraka aghalabu si ya haki.

Tutazame ushahidi. Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, wako watu waitwao Pima. Wenyewe hujiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mto, na mto wao ni Gila. Kwa karne nyingi walichimba mifereji, wakamwagilia mashamba ya mahindi, maharagwe na maboga, wakala jasho lao. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walowezi waliokaa upande wa juu wa mto waliyageuza maji yaende katika mashamba yao wenyewe. Mto ukakauka, mazao yakafa, njaa ikaingia. Watu waliokuwa wakiwalisha wasafiri wakawa watu wa kupokea posho ya serikali: unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe.

Tangu mwaka 1965 watafiti waliwachunguza Pima hao, wakakuta kisukari kimeenea kwao kuliko karibu watu wote waliopata kupimwa duniani. Hakimu wa pili akaona ameshinda: ni damu yao. Na kweli urithi una sehemu yake. Mtoto hupokea kwa wazazi wote wawili vinasaba vingi, na vingine katika hivyo humsogeza karibu na maradhi, kila kimoja hatua ndogo. Lakini ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Sonora nchini Meksiko, wako Pima wengine, jamaa zao kwa asili, ambao waliendelea kulima kwa nguvu za mikono na kula mavuno yao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa Pima wa Arizona watu wazima 38 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kwa wale wa Meksiko walikuwa 7 tu. Asili ni moja, maisha ni mbali mbali, na afya ikafuata maisha.

Basi ni nani aliyejidunga? Mtoto aliyezaliwa kando ya mto uliokauka zamani za babu zake hakuchagua vinasaba vyake, wala hakuchagua chakula kilichokuwamo chunguni alipofumbua macho.

Sisemi haya kwa kuwa mimi ni mwema. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mwanafunzi mmoja mnene alishindwa kumaliza mbio uwanjani. Wenzake wakamcheka, nami nikacheka pamoja nao, nikamwambia apunguze kula. Baadaye nilipata kujua kwamba mama yake alikuwa na kisukari, na kwamba siku nyingi chakula cha kijana yule kilikuwa mkate na chai ya sukari nyingi, kwa sababu hicho ndicho kilichopatikana kwao kwa bei ndogo. Hakuja tena uwanjani. Kicheko changu hakikumpunguzia hata ratili moja ya uzito. Kilimwondoa mahali ambapo angalipata nafuu.

Huenda ukaniuliza: je, mtu hana wajibu juu ya mwili wake? Anao. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, na wenyeji wa asili wa Arizona walikuwa miongoni mwao. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kila juma. Katika kundi hilo wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini angalia: hawakuachwa na amri tupu. Kila mmoja alikuwa na mwelekezi wa kumfundisha na kumtia moyo.

Hapa ndipo lawama na wajibu hutengana. Lawama hutazama nyuma kumtafuta mkosaji. Wajibu hutazama mbele kutafuta la kufanya. Tena wajibu hugawanywa kwa kadiri ya uwezo: aliyeshika maji ana wajibu mkubwa kuliko mwenye kiu. Mwaka 2004 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudishia watu wa mto Gila sehemu ya maji yao. Sheria ile nayo naihesabu kuwa tiba.

Wewe msomaji u kijana bado. Waulize wazee wako ni maradhi gani yamepita katika ukoo wenu, si ili uogope, bali ili ujue pa kujilinda. Tembea, cheza, punguza sukari uwezapo. Na siku utakapokuwa mzazi, mwalimu au diwani, kumbuka kwamba uwanja wa michezo na sokoni kwenye mboga za bei nafuu ni mambo ya afya sawa na hospitali. Hata leo, ukimwona mwenzako akichekwa kwa mwili wake, usiikimbilie methali ya mwiba. Uliza kwanza mwiba ule ulipandwa na nani, kisha msaidie kuung'oa.