Je, Mkristo Anaweza Kujifunza Mazingaombwe?

Somo: Matendo 8:9–24, Matendo 19:18–20, 1 Wathesalonike 5:19–22

Wiki tatu zilizopita, baada ya somo la vijana, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata nje akaniuliza, "Mwalimu, nimenunua kitabu cha mazingaombwe. Mama amesema nikichome. Kwani nimetenda dhambi?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu lina ushuhuda ndani yake, na ushuhuda wenyewe si wa kujivunia. Mchungaji amenipa nafasi hii. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Kwanza tutenganishe maneno. Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa mchawi na kwa mtu anayetoa sungura kwenye kofia. Sisi tunayo zaidi ya moja. Uchawi ni kutafuta nguvu nje ya Mungu, na Biblia inaukataza wazi. Mazingaombwe, ama kiini macho, ni ujanja wa mkono na wa macho. Jina lenyewe linakuambia kwamba shida iko kwa macho yako. Mtu wa pata potea pale stendi hana pepo. Ana karata tatu, vidole vyepesi, na marafiki wawili wanaojifanya hawamjui.

Mimi nilianzaje? Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini Nakuru nikapata kitabu cha Kiingereza, jalada limetoka, ndani kimejaa michoro ya mikono. Shilingi 80. Kilifundisha jinsi ya kushika sarafu kwenye kiganja huku mkono ukionekana mtupu, na jinsi ya kumfanya mtu achague karata unayoitaka wewe huku akiamini amechagua mwenyewe. Hakikutaja jini wala dawa. Kilichotaka ni mazoezi tu. Miezi miwili nilikaa mbele ya kioo na sarafu ya shilingi ishirini, ikianguka sakafuni mpaka jirani wa chini akaja kuniuliza kama ninahesabu mshahara.

Baadaye binamu yangu akaniletea boksi la vifaa kutoka ng'ambo: karata, kamba, vitambaa, na kidole gumba cha plastiki. Unakivaa juu ya kidole chako na kuficha kitambaa ndani. Lakini kidole chenyewe kilikuwa na rangi ya mzungu! Nilikipaka rangi ya viatu ya kahawia, na siku ya joto kilinichafua shati.

Watoto wa Shule ya Jumapili walifurahia sana. Nilikuwa nakata kamba, naiunganisha, halafu nafundisha jinsi Mungu anavyounganisha kilichokatika. Mzazi mmoja akaenda kwa mchungaji kusema ninafundisha watoto uchawi. Mchungaji akaniita ofisini, akaniambia, "Hebu fanya nione." Nikafanya. Akacheka mpaka akatoa miwani. Kisha akaniuliza swali moja: "Watoto wakitoka pale, wanajua ni mchezo, ama wanadhani wewe una nguvu?" Nikasema wanajua, huwa nawaambia. Akasema, "Basi siku utakayoacha kuwaambia, niletee funguo za darasa."

Swali la mchungaji ni la zamani. Mwaka wa 1584, kule Uingereza, Reginald Scot alichapisha kitabu kinachoitwa The Discoverie of Witchcraft. Siku hizo watu, hasa wanawake maskini, walikuwa wakiuawa kwa kushtakiwa uchawi. Scot aliandika kuwatetea, na ndani ya kitabu hicho akaeleza jinsi wachezaji wa mazingaombwe wanavyofanya mambo yao kwa sarafu, karata na visu, ili watu waone kwamba jambo la kushangaza linaweza kufanywa kwa mikono bila shetani yeyote. Kwa hivyo kitabu kimoja cha kale cha Kiingereza kuhusu michezo hii kiliandikwa ili kuokoa maisha. Wapendwa, sisi tunaokumbuka wazee waliochomwa Kisii na waliouawa Kilifi kwa kudhaniwa wachawi, tusiharakishe kuita kila tusichokielewa uchawi. Mtu anaweza kufa kwa neno hilo.

Sasa nije kwa sehemu yangu ngumu. Baada ya karata nilihamia kusoma mawazo. Nako kuna vitabu vyake. Watu watano wanaandika neno kila mmoja kwenye karatasi, wanakunja. Wewe unashika karatasi ya kwanza kwenye paji la uso, unafumba macho, unataja neno. Mtu mmoja anapaza sauti, "Ndiyo, hilo ni langu!" Huyo mmeelewana naye mapema. Unafungua karatasi kana kwamba unahakikisha, kumbe unasoma neno la mtu wa pili. Ukishika karatasi ya pili, unataja ulilosoma kwenye ya kwanza. Siku zote uko karatasi moja mbele, na watu wanabaki midomo wazi.

Njia nyingine ni maneno yenyewe. Mwaka wa 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja yake. Akawaambia wapime usahihi wake kutoka sifuri hadi 5. Wastani ukawa zaidi ya 4. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na maneno mengi yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Mwambie mtu, "Kuna jambo unalibeba ambalo hujamwambia yeyote, na linahusu mtu wa karibu." Ni nani hapa kanisani hana jambo kama hilo? Machozi yatatoka, na wewe hujajua chochote.

Kanisa lilipokuwa likichanga pesa za mabati, niliombwa nitumbuize jioni moja. Nilianza kwa kusema wazi kwamba ni mchezo. Lakini mama mmoja mjane aliingia akiwa amechelewa, akakaa nyuma. Nilimwona, na nikakumbuka jambo. Siku chache kabla yake, kwenye matatu, akina mama wawili nyuma yangu walikuwa wakiongea juu ya shamba la marehemu mume wake na mashemeji wanaosogeza mpaka. Nikamnyooshea mkono. "Mama, naona karatasi. Naona mti wa mpakani. Kuna mtu hayupo tena, na wewe huna usingizi." Yule mama akaanguka magotini akilia. Watu wengine, ambao walijua ni mchezo dakika mbili zilizopita, wakaanza kusema "Asante Yesu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale. Sentensi moja ingetosha. Sikuisema. Nilijiambia nitamuaibisha mama wa watu. Ukweli ni kwamba nilionja kitu kitamu.

Jumapili iliyofuata alinisubiri langoni. Akanipa bahasha yenye shilingi 2,000, akasema, "Mwanangu, Mungu amekuonyesha. Sasa niambie nifanye nini." Nikamwambia, "Mama, usiogope, Bwana atapigana." Maneno mazuri, sivyo? Nilipokea bahasha ili "nisimvunje moyo". Wiki mbili baadaye wazee wa ukoo waliketi kuamua juu ya mpaka. Mama hakwenda. Alikuwa ameambiwa asiogope, Bwana atapigana. Mpaka ukawekwa bila yeye kuwepo, na akapoteza kipande alichokuwa analima mboga za kulipa karo.

Niliposikia, sikulala. Nilifungua daftari langu dogo. Nilikuwa nimeanza kuandika mambo ya washirika: nani ana mtoto mgonjwa, nani amefutwa kazi, nani amegombana na mumewe. Nilijiambia ni kumbukumbu za maombi. Lakini hakuna hata jina moja nililokuwa nimeliombea.

Mambo haya hayakuanza na mimi. Mwaka wa 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mchezaji mashuhuri wa mazingaombwe, Jean Eugène Robert-Houdin, ili watu wa huko waone kwamba Wafaransa wana nguvu kushinda viongozi wao wa dini. Alikuwa na kisanduku kidogo. Mtu mwenye nguvu alikiinua kwa urahisi, kisha Robert-Houdin akasema amemnyang'anya nguvu, na yule mtu akashindwa kabisa kukiinua. Chini kulikuwa na sumaku ya umeme. Ujanja uleule unaoweza kumchekesha mtoto ulitumiwa kutawala Waafrika. Mwaka wa 1986, Marekani, mchezaji wa mazingaombwe James Randi na wenzake walinasa kwa redio sauti ya mke wa mhubiri wa runinga Peter Popoff, akimsomea mume wake majina na magonjwa ya watu kupitia kifaa kilichofichwa sikioni. Umati ulidhani ni Roho Mtakatifu. Na sisi Kenya tusiwacheke. Mwaka wa 2014 runinga ilituonyesha maji ya kuosha miguu yakigeuka mekundu kama damu mbele ya waumini wa Nairobi. Dawa yenyewe, potasiamu permanganeti, inauzwa dukani.

Mtu ataniuliza: lakini si kila mazingaombwe ni uongo? Mkono unasema ni mtupu na si mtupu. Nimelifikiria sana hilo. Naona ni kama mchezo wa kuigiza wa Krismasi. Anayeigiza Herode hajadanganya mtu, kwa sababu sote tumekubaliana kuingia katika hadithi na kutoka pamoja. Dhambi inaingia pale mmoja anapobaki ndani ya hadithi bila kujua, na wewe unajua, na unanyamaza kwa sababu kunyamaza kwako kunakulipa. Simoni wa Samaria, kabla ya Filipo kufika, aliwashangaza watu kwa muda mrefu, na wao wakamwita nguvu kuu ya Mungu. Sisomi mahali popote kwamba aliwasahihisha. Na alipoamini, kitu cha kwanza alichoweka mezani mbele ya mitume ni pesa.

Mwingine atasema, "Mwalimu, ukitufundisha hivi utazima Roho. Watu wataanza kushuku kila unabii." Ndugu yangu, Paulo aliwaandikia Wathesalonike mambo mawili kwa pumzi moja: wasiudharau unabii, na wapime kila kitu. Mimi naamini karama za Roho. Nimeombewa nikapona, na sitalikana hilo. Lakini anayejua noti bandia inavyotengenezwa hachukii pesa. Anaiangalia vizuri kwenye mwanga, basi.

Nilimwendea mchungaji na funguo za darasa mkononi. Hakusema mengi. Alisema, "Anza kwa mama." Nikaenda kwake na bahasha, na juu yake pesa nyingine nilizoweza kupata. Nikamweleza yote, hata ya matatu. Alinyamaza muda mrefu akichambua maharagwe. Kisha akauliza, "Kwa hivyo Mungu hakuwa amesema nami?"

Wapendwa, nimehubiri mara kadhaa, lakini sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo. Nilimjibu, "Mama, mimi sikutumwa. Lakini anajua jina lako bila kupanda matatu." Hakutabasamu. Aliniambia niende. Baada ya siku nne akanipigia simu tuende pamoja kwa wazee kuomba kesi isikilizwe upya. Tulienda mara nyingi, miezi saba. Sehemu ya kipande ilirudi, nyingine haikurudi. Ananisalimia sasa, lakini haniiti tena mwanangu. Hiyo ni gharama yangu, na nimeikubali.

Kijana wangu wa kidato cha tatu, hili ndilo jibu. Watu wa Efeso walichoma vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, kwa sababu vilikuwa vitabu vya uganga wenyewe. Kisome chako na mama yako karibu. Kikikutuma kuita kitu chochote kisicho Mungu, kichome leo. Kama kinafundisha vidole tu, fanya mazoezi, chekesha ndugu zako, na kila mara kabla watu hawajaenda nyumbani waambie ni mchezo. Hata waliochelewa. Vitabu vyangu bado viko kabatini. Nilichochoma ni lile daftari.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Mtu akikutajia siri yako kanisani, utapimaje alikoipata bila kumdharau wala kumwabudu?
2. Je, umewahi kunyamaza watu walipokusifu kwa jambo ambalo hukulifanya? Nani aliumia?
3. Tuwasaidieje watoto wetu kutofautisha mchezo, uchawi na kazi ya Roho Mtakatifu?

Sala: Bwana, utupe macho ya kupima na moyo wa kuamini. Utuondolee utamu wa sifa isiyo yetu. Walioumizwa na maneno tuliyosema kwa jina lako bila kutumwa, uwaponye, na utupe ujasiri wa kuwaendea. Amina.