Neno na Kidole

Ndugu msomaji, wewe unayeota kuwa mwandishi, hebu jiulize: mtafsiri ana deni kwa nani? Kwa neno lililoandikwa, au kwa mtu atakayelisoma? Sisi vijana tumezoea kulijadili swali hili kwa mashairi. Leo tulipeleke kiwandani, Ujerumani.

Mwingereza akisema "switch", amemaliza. Mjerumani bado ana swali. Kinachobaki pale ulipokiweka, kama swichi ya taa ukutani, hukiita "Schalter". Kinachorudi ukiondoa kidole, kama kitufe cha kengele ya mlangoni, hukiita "Taster". Mwongozo ukiita "Taster" kitu ambacho ni "Schalter", fundi anaweza kuondoa kidole akidhani mota imesimama. Kumbe wapi! Inazunguka tu.

Kuna kubwa zaidi. Kitufe chekundu cha hatari, ambacho Waingereza hukiita "emergency stop", Wajerumani wengi kwa mazoea hukiita "Not-Aus". Lakini katika lugha ya viwango vya ufundi, "Not-Aus" ni kukata umeme. Kusimamisha mwendo ni "Not-Halt". Hata Kiswahili chetu kinajua kwamba kusimama si kuzimika: basi limesimama kituoni, injini inanguruma. Sasa mtafsiri akiandika "Not-Aus" kwa mazoea tu, fundi akafungua sanduku la nyaya akiamini umeme haupo, nani alaumiwe?

Wapo watakaosema: aa, bwana, mtafsiri si injinia. Analipwa kwa neno, na mchoro wa mashine hakupewa. Ni kweli, na aliyemnyima mchoro ana lawama yake. Tena agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 kuhusu mashine lilitaka mwongozo uliotafsiriwa uandikwe wazi kuwa ni tafsiri. Sawa. Lakini maandishi hayo hayamrudishii mtu kidole.

Kutojua si kosa, kosa ni kujifanya unajua. Mtafsiri mwaminifu huuliza: kikibonyezwa, kinabaki au kinarudi? Kinasimamisha au kinakata? Asipojibiwa, aandike kwamba hakujibiwa.

Nasi wa hadithi na mashairi tusijione tumepona. Ukichagua neno kwa kuwa linasikika vizuri, bila kukijua kitu chenyewe, umefanya lilelile. Tofauti ni kwamba wewe hutasikia kelele za aliyeumia.