Theluthi ya Tatu Si Yako

Sheck Exley alikuwa mwalimu wa hisabati kule Florida, Marekani, na alikuwa mpiga mbizi wa mapangoni. Nazungumzia mapango yaliyojaa maji, ambayo watu huingia wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni, na wengine hawatoki. Exley alishiriki kuitoa miili ya wengine wao. Akakusanya taarifa za ajali hizo, akazichambua moja moja, na mwaka wa 1979 akatoa kitabu chembamba kuwaeleza wenzake kinachowaua. Makosa matatu yalijirudia. Mtu hakuwa na kamba isiyokatika ya kumrudisha hadi mlangoni. Hakubakisha hewa ya kutosha kurudi. Au alishuka chini sana akiwa na hewa ya kawaida, ambayo kwenye kina kirefu inamlevya mtu kama pombe.

Hadi leo, kwenye midomo ya mapango mengi ya Florida kuna bango lenye picha ya kifo kimeshika mundu. Linakukumbusha kwamba waliofia humo si wageni wa maji tu, wamo hata wakufunzi wa kupiga mbizi baharini. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Kanuni zipo na ni nzuri, hakuna anayebisha. Lakini je, wakongwe wanaozifundisha wanazifuata darasa likiisha?

Jibu fupi: si kila mara. Na kanuni zinazorukwa kwa kawaida si zile kubwa. Hakuna mkongwe anayesahau kamba pangoni. Anachoruka ni kitu kidogo. Kwa mfano, mwanafunzi hufundishwa kupima gesi ya kila mtungi na kuandika kipimo juu yake, kwa sababu mtungi wa oksijeni tupu ukiutumia chini ya mita 6 unaweza kukutia kifafa, na mtu akipata kifafa majini huzama. Mkongwe analijua hilo kuliko yeyote. Lakini mtungi huu ameujaza mwenyewe jana, mashua inangoja, na kipimo kiko ndani ya begi. Basi anaruka.

Halafu kuna kanuni ya theluthi, ambayo kwangu ndiyo roho ya jambo lote. Theluthi moja ya gesi ni ya kuingia, ya pili ni ya kutoka, ya tatu haiguswi. Hebu tupige hesabu. Wewe na mwenzako mna gesi ya baa 210 kila mmoja, kwenye mitungi ya ukubwa sawa. Mnaingia hadi kila mmoja atumie 70, mnageuka. Sasa tuseme pale pale mwisho, mahali pa mbali kabisa, gesi ya mwenzako inapotea yote. Wewe umebaki na 140. Kutoka kunahitaji 70 kwa kila mtu. Mnatoka wawili, bila kubaki na kitu cha maana, lakini mnatoka. Sasa chukua mkongwe anayesema, "Mimi situmii hewa nyingi, nitageuka nikifika 90," na mwenzake akamfuata. Ajali ile ile ikitokea, amebaki na 120, na kutoka kunahitaji 180. Mmoja wao hatoki.

Kwa hivyo ile theluthi ya tatu hata haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenzake, yeye alikuwa ameibeba tu. Anapoila kidogo kwa sababu anajiamini, anatumia amana ya mtu mwingine, na ustadi wake haubadilishi hesabu hiyo. Hapa ndipo naona jambo hili linatoka kwenye ufundi na kuingia kwenye maadili. Ungekuwa umeweka maisha yako peke yako hatarini, tungebishana kuhusu uhuru wako hadi asubuhi. Lakini pangoni, karibu kila kanuni unayoruka ina mtu mwingine upande wa pili: mwenzako, au yule atakayetumwa kuutafuta mwili wako.

Kwani wanaruka kwa nini, na akili wanazo? Mwanasosholojia Diane Vaughan aliandika mwaka wa 1996 kuhusu chombo cha anga cha Challenger, kilicholipuka Januari 1986 na kuua watu 7. Mipira ya kuziba viungo vya roketi ilikuwa imeonyesha dalili za kuungua katika safari za awali. Chombo kilirudi, wahandisi wakaizoea kasoro, na kila safari iliyorudi salama ikawa kama ushahidi kwamba hakuna shida. Kurudi salama ni mwalimu mbaya. Hakuambii kama ulirudi kwa sababu ulifanya vizuri, au kwa sababu siku hiyo hakuna kilichoharibika. Ni kama jamaa wa boda anayening'iniza helmeti kwenye kiwiko: miaka kumi hajaanguka, basi anadhani hiyo miaka kumi ndiyo helmeti.

Najua mtu ataniuliza: sasa uzoefu ni wa nini, kama mkongwe lazima afuate kila kitu kama mwanafunzi? Na huyo Exley wenu mbona alikufa akipiga mbizi? Ni kweli. Alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, akiwa na miaka 45, akijaribu kupita kina cha mita 300. Lakini siwezi kumwita mnafiki. Kanuni yake ya kina ilihusu hewa ya kawaida. Yeye alibeba mchanganyiko wenye heliamu, alikuwa na mpango, na waliokuwa naye walijua anakwenda wapi. Alichukua hatari kubwa mno, waziwazi. Kanuni inayobadilishwa mezani, mbele ya wenzako, si sawa na ile inayorukwa kimyakimya kwenye mashua.

Na uzoefu wa kweli una kazi yake. Kuna mapango ambayo maji yanavuta kuelekea ndani. Unaingia kama umebebwa, lakini kurudi ni kupigana na mkondo. Huko theluthi haitoshi, na mkongwe mwenye akili anageuka mapema zaidi ya kanuni inavyosema. Naye pia ameiacha kanuni, lakini ameelekea upande wa tahadhari. Kwa hivyo kipimo changu ni hiki: angalia vighairi vyako vyote vinaelekea wapi. Kama kila mara vinakufanya uende haraka zaidi, mbali zaidi, kwa kazi kidogo zaidi, basi huo si ujuzi. Ni uvivu uliovaa cheo.

Lakini pia sisi tulio nchi kavu tuna mkono wetu humu. Wakenya wanakumbuka Likoni, mwaka wa 2019. Gari lilitumbukia kutoka kwenye feri tarehe 29 Septemba, likiwa na mama na mtoto wake, na halikutolewa hadi tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha takriban mita 58. Siku zote hizo nchi nzima ilikuwa inauliza mbona wapiga mbizi wanachelewa. Uchungu ule ulikuwa wa haki. Familia ilikuwa inangoja pale ufuoni. Lakini kina kile kinapita mita 40, mpaka wa kawaida wa wanaopiga mbizi kwa burudani, na mkondo wa kivuko haumwonei mtu huruma. Tuliokuwa tukipiga kelele tulikuwa, bila kujua, tunamwomba mtu mwingine ale theluthi yake ya tatu kwa ajili yetu. Mkongwe anaposhindwa kusema "hapana, leo sishuki", mara nyingi kuna umati kama sisi nyuma yake.

Ndiyo maana sipendi kanuni hizi ziitwe za wanafunzi. Mwanafunzi anazifuata kwa sababu ameambiwa. Mkongwe ana sababu bora zaidi: yeye anajua ni nani anayezihitaji. Siku ukishuka na mtu akakuambia amefanya hivi mara elfu, usibishane naye kuhusu hizo mara elfu. Muulize tu atageuka akifika baa ngapi, na ikitokea wewe ndiye uliyeishiwa, mtatoka wangapi.